Gari Lililobaki Bila Paa: Kwa Nehemiya Kalume wa Nakivale

Mvua za Machi zimerudi, Kalume, na pamoja nazo imerudi tarehe uliyotuacha. Mwaka mzima umekatika. Tulidhani mwaka ungekuwa na kazi yake, kwamba ungetusogeza kidogo kidogo mpaka tuweze kulitaja jina lako wakati wa kula bila mtu kuweka kijiko chini. Haukutusogeza. Kwa hiyo leo sisi wa nyumbani kwako tunazungumza na wewe usiyeweza kutujibu, na wengine wasikie ulikuwa mtu wa namna gani, na wasikie pia yaliyompata Perpétue, mkeo, katika kukupigania.

Ulizaliwa Uvira, Kongo, na kazi yako tangu ujana ilikuwa kunyoosha bodi za magari. Gari lililogongwa lilipoletwa gereji limekunjamana, wewe hukukimbilia nyundo kama wenzako. Ulilizunguka kwanza. Ulipapasa bati kwa kiganja, macho umeyafumba, ukitafuta mahali lilipoanzia kuumia. Perpétue anasema hapo ndipo alipokupendea. Alikuwa amemletea kaka yake chakula pale gereji, akamkuta kijana mwembamba anaushika mlango wa lori kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alirudi nyumbani na sahani aliyosahau kuiacha.

Vita vya mwaka 1996 viliwatoa Uvira mkiwa na mtoto mmoja, Prince, ambaye alikuwa ameanza tu kukimbia. Mlifika kambini upande wa Tanzania, na huko kipindupindu kilimchukua Prince kati ya asubuhi na jioni. Ulichimba kaburi peke yako. Wanaume walikuja na majembe, ukawakatalia. Ulipomaliza uliweka koleo chini, na tangu hapo mikono yako ikawa kama imebaki mle shimoni.

Bénédicte na Pascaline, binti zako, walizaliwa kambini baada ya hapo, na mwaka 2002 nyote mkafika Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, alikokuwa ametangulia mdogo wako Modeste. Modeste alikutafutia nafasi kwenye gereji moja mjini Mbarara. Ulikwenda, ukasimama mbele ya gari lililopondeka ubavu, ukasimama tena, kisha ukageuka ukarudi nyumbani kwa miguu, safari ya kutwa na zaidi. Shamba akalilima Perpétue. Maharage alipanda yeye, mahindi alipanda yeye, maji akachota yeye, na wewe ulikaa mlangoni ukitazama barabara ya vumbi ambayo haikukuletea kitu.

Tunayasema haya kwa sababu bila kuyajua hayo mtu hawezi kuelewa kwa nini boksi moja la karatasi lilikuwa jambo kubwa kwetu.

Modeste alikuwa akipeleka maharage Mbarara, na siku moja alikuchukua umsaidie kushusha magunia. Jirani na pale mliposhushia palikuwa na duka la Buruhan, anayeuza vitu vilivyotumika kutoka ng'ambo: redio, pasi, vyombo, vitu vya watoto. Alikuwa anasafisha duka, na kati ya vitu alivyovitoa nje vitupwe kulikuwa na boksi lenye picha ya gari jekundu. Lilikuwa gari la ajabu. Lilikuwa la kizamani, la miaka ya thelathini, lakini limeinama mbele kama fahali anayetaka kupiga pembe, paa limeshushwa hadi madirisha yamebaki nyufa, halina madigadi, halina boneti, injini yote iko nje inang'aa. Ndani ya boksi gari lenyewe lilikuwa vipande vya plastiki, vimeshikana kwenye vijiti kama samaki waliotungwa. Uliinama ukaliokota.

"Chukua tu, muzee," Buruhan alikuambia. "Hiyo iko napungua vitu mingi, watu nakataa."

Ulilibeba mapajani njia nzima hadi Nakivale.

Baadaye ulitueleza, kwa furaha ambayo hatukuwa tumeiona kwako, kwamba magari hayo Wamarekani waliyaita hoti-rodi. Vijana wa kule walichukua magari ya babu zao, yaliyokuwa yameachwa yaoze, wakayakata paa, wakayavua kila kitu kisicho cha lazima, wakayatia injini kubwa kuliko umri wake, na yakapiga mbio kuliko magari mapya. "Waliyakuta yamekufa," ulisema. Ulilirudia neno hilo kwa kila aliyekuja kuchungulia.

Gari lile la kwanza halikuwa na vioo, ukakata vioo kwenye chupa ya maji. Tairi mbili hazikuwamo, ukazichonga kwenye soli ya kandambili. Taa za mbele ulizitengeneza kwa zile pakiti za vidonge zenye vifuko vya plastiki angavu. Vijiti vilivyobaki baada ya kung'oa vipande hukuvitupa: ulivipasha juu ya mshumaa na kuvivuta polepole mpaka vikawa uzi mwembamba, ukaitia injini nyaya zake. Mabaki ya plastiki uliyaloweka katika dawa ya kuondolea rangi ya kucha, yakawa uji mzito wa kuziba nyufa. Na gari lilipokamilika uliliweka kwenye ukingo wa meza, ukalaza shavu lako juu ya mbao, ukafumba jicho moja, ukalitazama kama mtu anayelisubiri kando ya barabara. Ulifanya hivyo kwa kila gari, hadi la mwisho ulilolimaliza.

Mikono yako ilikuwa imerudi. Ulianza kunyoosha sufuria za majirani, kuziba karai, kurekebisha milango ya mabati iliyopindwa na upepo, na mtu akikuuliza akupe nini ulitikisa kichwa. Watoto walipokuja kuona magari hukuwafukuza. Uliwaruhusu kushika lililokauka, na lililo bichi uliliinua juu kabisa, wakacheka.

Buruhan akawa rafiki yako. Kila marobota yalipofika aliyapekua kwa ajili yako, na siku moja alikuja Nakivale mwenyewe na boksi ambalo halijafunguliwa, vipande vyote vimo. Alikaa kunywa chai akikutazama unavyolifungua. Kabla chai haijapoa ulikuwa umeshachukua wembe na kuanza kulikata nguzo za madirisha.

"Mimi naleta gari muzima, wewe nakata kichwa yake?" alilalamika.

Ulimjibu kwamba zima halina kazi kwako. Tulicheka siku hiyo, hata Perpétue alicheka, ingawa aliinuka na kwenda kupalilia.

Maana ukweli ni kwamba Perpétue hakuyapenda magari yale. Aliona yalivyokurudishia uhai, akashukuru, lakini hakuyapenda. Yeye ndiye aliyekuwa na ujauzito wa Bénédicte siku Prince alipozikwa. Yeye ndiye aliyepika jioni hiyo hiyo. Hakuna aliyempa boksi. Wewe ulipoketi mezani na mshumaa wako ulikuwa mbali naye, na yeye alikaa upande wa pili akichambua maharage, na katikati yenu palikuwa na jambo moja ambalo hamkulitaja tangu Tanzania. Aliwahi kumwambia Modeste kwamba mumewe ana familia mbili, moja ya nyama na moja ya plastiki, na hajui ipi inampata zaidi.

Miaka kumi ilikwenda hivyo. Rafu ikajaa magari. Mengine Buruhan aliyaweka dukani kwake juu ya redio, si ya kuuzwa, ya kuonwa tu. Mabinti wakakua.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mwaka 2013, baada ya kuvuna mahindi. Ulikuwa unakata paa la gari dogo la milango miwili. Nguzo zote ulikuwa umekwisha kuzikata, kifuniko cha paa kimelala pembeni, na wembe ukakuponyoka. Pascaline aliuokota akakupa. Ukakuponyoka tena. Alipoinua macho aliona upande mmoja wa uso wako umeshuka, akamwita mama yake.

Modeste na majirani walikubeba hadi zahanati, na kutoka huko ukapelekwa hospitali Mbarara. Zam, mke wa Buruhan, alimpokea Perpétue nyumbani kwao mtaa wa Nyamitanga, akampikia, akamfulia, akamsindikiza wodini kila siku kama dada. Kiharusi kilikuwa kimechukua mkono wako wa kulia, mguu wa kulia, na ulimi. Daktari alisema ulimi ungeweza kurudi ukiujaribu. Mguu labda. Kuhusu mkono alimtazama Perpétue, kisha akatazama karatasi zake.

Tulikurudisha Nakivale na ukageukia ukuta.

Hatujui kama ulituona siku zile. Tungependa kuamini kwamba hukutuona. Uji ulikaa mdomoni mwako mpaka ukashuka shingoni. Mchungaji alikuja akaomba, wanakwaya walikuja wakaimba, Modeste alikuja akakukumbusha mambo ya Uvira akicheka peke yake. Hukumgeukia yeyote. Ulipungua mwili hadi Perpétue aliweza kukuinua bila msaada, na siku alipogundua kwamba anaweza, alikulaza tena, akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba akiwa na beseni mkononi. Bénédicte alimfuata. Mama yake alimwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kuyasikia: kwamba hajui la kufanya. Kwamba ameshafanya yote.

Alasiri iliyofuata alichukua lile gari lililokatwa nguzo, akaja nalo kitandani, akaliweka katika mkono wako mzima, wa kushoto. Ulilitupa sakafuni. Perpétue hakulia. Alikuwa amekwisha kulia. Aliliokota, akavuta kigoda mbele ya uso wako mahali ambapo usingeweza kukwepa kumwona, akashika wembe, na kwa hasira zake zote akaanza kukata. Hakujua anakata nini. Alishika gari juu chini, akaanza kuchinja mbele ya mlango kama anayekata sabuni.

"Hapana," ulisema.

Wembe ukasimama. Lilikuwa neno lako la kwanza tangu kuvuna. Perpétue hakuthubutu hata kuinua kichwa. Alisubiri. Kisha akaweka wembe mahali pengine, pabaya zaidi, akagandamiza.

"Hapana. Juu."

Bénédicte alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji, na anasema hakuitua mpaka mkono ulipokufa ganzi.

Hivyo ndivyo ulivyorudi kwetu, kwa kumkataza mkeo. Kila siku alilima asubuhi, na jua lilipokuwa kali alikuja kuketi kwenye kigoda na kukosea. Mwanzoni alikosea kwa kutojua. Baadaye, maneno yako yalipokuwa yanapungua, alikosea kwa makusudi ili uyatafute. Gundi ilipokuwa inakauka alikulisha. Ulikubali kijiko kwa sababu mikono yake haikuwa na kazi nyingine, na gundi ya Mbarara, tunamshukuru Mungu, huchelewa kukauka. Ulianza kukaa. Ulianza kuweka mkono wako wa kushoto juu ya kifundo cha mkono wake wa kulia na kuuongoza, polepole, na kwa mbali ungedhani ni mtu mmoja mwenye mikono yote miwili.

Hatutaki kusema zilikuwa siku njema. Uligombana naye. Ulimtupia vitu. Yeye alikwambia wazi kwamba amechoka kunusa gundi na mkojo. Lakini mlikuwa mnasemezana, na hilo nyumba yetu haikuwa imelizoea.

Mwezi wa Novemba mlikuwa mnavuta uzi wa plastiki kwa ajili ya nyaya za injini. Perpétue alikishikilia kijiti juu ya mwali wa mshumaa muda mrefu mno, uzi ukakatika. Akajaribu tena, ukakatika. Ulisonya. Akaweka kijiti mezani, akazima mshumaa kwa vidole.

"Baba Prince," alisema.

Watu wote walikuita Baba Béné. Jina lile hakuna aliyekuwa amelitamka mbele yako tangu kambini Tanzania.

"Mutoto yule nilimuzaa mimi," alisema Perpétue. "Wewe ulipata hivi vigari. Mimi nilipata nini?"

Kinywa chako kilihangaika. Tulikuwepo, sote tulikuwa karibu, na hakuna aliyeondoka na hakuna aliyesogea.

"Sikukuwa na fasi ya kutia mikono," ulisema.

"Na yangu? Yangu mimi ningeitia wapi?"

Uliitazama mikono yake. Ilikuwa imekauka kwa jembe, ina gundi kwenye kucha, ina alama za wembe kwenye vidole. Ulichukua mmoja, ukauweka shavuni mwako, upande ule unaohisi.

"Nisamehe, Mama Prince."

Siku hiyo hakuna kilichotengenezwa. Mlikaa mkizungumza habari za Prince, wewe kwa maneno mawili mawili, yeye akiyamalizia. Kwamba alikuwa akiyaita malori yote kwa jina moja. Kwamba alikimbia huku ameshika suruali isianguke. Kwamba alichukia ndizi. Bénédicte na Pascaline walisikia kwa mara ya kwanza kwamba walikuwa na kaka aliyechukia ndizi, na Pascaline akaenda kukaa miguuni pako.

Mwishoni mwa mwezi wa pili mwaka jana gari lilikuwa limebaki paa tu. Ulituonya tangu mwanzo kwamba paa ndiyo kazi. Ukizikata nguzo na kulishusha, halikai tena mahali pake, kwa kuwa nguzo za magari yale zinaegemea ndani, na kadiri unavyozifupisha ndivyo juu na chini vinavyokataana. Inabidi paa lenyewe lipasuliwe, livutwe, lizibwe katikati. Perpétue alilipasua vizuri. Hukusema hapana hata mara moja. Aliyapanga mapande mawili juu ya nguzo bila gundi, akainama kulitazama, na wewe ukamwonyesha kwa kidole: shavu mezani. Akalaza shavu lake mezani, akafumba jicho moja. Alipoinuka alisema sasa anaelewa ulikuwa unaona nini. Mlikubaliana kuliziba wiki ijayo, uji wa plastiki ukiwa tayari.

Wiki hiyo haikufika. Kiharusi cha pili kilikupata ukiwa umekaa kwenye jua. Safari hii macho yalibaki wazi lakini wewe hukuwamo.

Perpétue alifunga kanga, kikombe, beseni, na gari lile ndani ya kitenge, akaingia nawe kwenye gari la wagonjwa. Alikaa kando ya kitanda chako Mbarara, akikuita. Alikuita Kalume, akakuita Baba Béné, akakuita Baba Prince. Muuguzi alimwambia kwa upole kwamba pengine husikii. Mchana wa siku ya tatu Zam alipoingia wodini na chai alimkuta amelifungua gari kwenye shuka lako, ana wembe mkononi, anakata.

Alikuwa anazikata zile nguzo fupi zilizokuwa zibebe paa. Alianza na ya mbele, ile mliyoihangaikia tangu mwanzo, akaikata chini kabisa, sawa na mlango, akakutazama usoni.

"Sema," alikwambia.

Akakata ya pili.

"Baba Prince, naharibu. Unaona naharibu. Sema."

Muuguzi alikuja haraka kumnyang'anya wembe. Zam alimshika muuguzi mkono, akamwambia, "Muache, sister. Muache kidogo." Vipande vya plastiki vilianguka juu ya shuka, juu ya mkono wako. Perpétue alikata ya tatu na ya nne. Alipomaliza hapakuwa na mahali pa kuweka paa, wala njia ya kupatengeneza, na wewe ulikuwa unapumua tu. Uliacha kupumua kabla ya jioni.

Tulikuzika Nakivale, mvua ikinyesha. Modeste alichimba, na safari hii majirani walipokuja na majembe hawakukataliwa.

Sasa tukwambie ya mwaka huu, kwa kuwa ungeuliza. Bénédicte anasoma, Pascaline amekuwa mrefu kumpita dada yake. Modeste analima sehemu ya shamba lenu pamoja na lake. Kuhusu Perpétue hatuna habari nzuri. Baada ya kuondoa matanga alimwita Buruhan, akamwambia ayachukue magari yote, hataki kuyaona. Buruhan aliyachukua, akayapanga dukani. Haukupita mwezi Perpétue akaomba kusindikiza maharage Mbarara. Modeste alimkuta ameketi kwenye benchi mbele ya rafu ya Buruhan, anayatazama, mikono mapajani. Tangu wakati huo huenda kila inapopatikana sababu, na sababu zisipopatikana huzitengeneza. Zam humletea chai na hamuulizi kitu. Buruhan alimfungulia boksi jipya, akamwekea wembe na gundi mbele yake. Perpétue alivisogeza kando kwa upole, akasema hajui kufanya kazi bila kukatazwa.

Bado hupasha maji ya kukuosha asubuhi. Huyapasha, kisha anakumbuka kwamba hupo, anayamwagia migomba. Tumemwambia apumzike. Tumemwambia kwamba alifanya zaidi ya alivyoweza mtu. Mchungaji amemwambia, wanawake wa kanisa wamemwambia. Anakubali yote, anashukuru, na kesho yake moto wa maji unawaka. Hatujui tumfanyie nini, Kalume. Wewe ungejua pa kumpapasa, ukapata palipoanzia kuumia. Sisi tunapapasa na hatupapati.

Tulipokaa kuandika maneno haya tulimuuliza yeye anataka tuongeze nini. Alikuwa anapepeta maharage nje. Alisema hana neno. Tuliendelea. Baadaye alikuja akasimama nyuma ya Bénédicte aliyeshika kalamu.

"Andika ya kwamba nimechoka kumungoja," alisema.

Bénédicte aliandika, kisha akataka kulifuta, akihofia wasomaji watamwelewa vibaya. Mama yake alimzuia mkono.

"Acha hivyo. Halafu uandike ya kwamba nitamungoja tu."

Wanaokukumbuka ni mkeo Perpétue; binti zako Bénédicte na Pascaline; mdogo wako Modeste na nyumba yake yote; rafiki zako Buruhan na Zam wa Mbarara; na majirani wa Nakivale ambao sufuria zao bado zimenyooka. Tunamtaja hapa pia, kwa mara ya kwanza katika maandishi yetu, mwanao Prince aliyekutangulia.

Hatuna siku ya kukusahau.